Nyambizi Chini ya Mchanga wa Kithangathini

Jumatano saa nne asubuhi Kanyiva alikuwa amepiga magoti kwenye kisima chake cha mchanga, anachota maji kwa jagi la plastiki, mtungi wa tatu ukiwa nusu, wakati bomba la chuma lilipochomoza mchangani hatua mbili kutoka alipokuwa. Bomba lilikuwa na kioo juu. Lilizunguka taratibu, likaangalia miti ya ng'ambo, likaangalia ukuta wa mwethya, kikundi cha kazi cha kina mama, likamwangalia yeye, likatulia.

"Sogea kidogo," Kanyiva akaliambia. "Unanimwagia mchanga kwa maji."

Bomba likasogea.

Alimaliza mtungi, akaufunga, akafungua fundo la leso, akatoa simu na kumpigia mwanawe.

"Muindi, uko wapi?"

"Niko kazini, mwaitu."

"Kazi gani na ninasikia hiyo gemu ikilia? Kuja mtoni. Ile kitu yako imefika."

Muindi alikuwa na miaka ishirini na minne, na alikuwa na saiba pale sokoni Matiliku. Kompyuta zilikuwa tatu: ya kwanza ya kujazia watu fomu, ya pili ya kuwekea karatasi juu yake kwa sababu ilishakufa, na ya tatu ya vita. Vita vyenyewe vilikuwa vya nyambizi. Mchezaji anakaa chini ya bahari, adui anapita juu, na kwa muda mwingi hakuna anayefanya lolote isipokuwa kusikiliza. Siku moja Kalekye, mwenyekiti wa mwethya wa kina mama, alikaa pale nusu saa akingoja nakala za kitambulisho, akiangalia skrini iliyojaa rangi ya samawati tupu.

"Sasa hii vita iko wapi?" akauliza.

"Imejificha."

"Na wewe?"

"Mimi pia nimejificha."

"Ndiyo maana huoi," Kalekye akasema, akachukua nakala zake.

Muindi aliipenda ile gemu kwa namna ya mtu anayependa timu ya mpira, yaani kwa kuilalamikia kila siku. Mwaka ambao wateja walikuwa haba aliitafsiri yote kwa Kiswahili, amri kwa amri, bila kuombwa. Kisha akaanza kuwaandikia watengenezaji. Shida yake ilikuwa moja: adui alikuwa kiziwi mno. Manowari ilipita juu ya nyambizi, mita arobaini tu, ikaendelea na safari yake kama mtu aliyetumwa mkate. Huo si uhalisia, Muindi aliandika. Manowari ya kweli ina sona ya kunasa sauti, ina watu wenye masikio. Barua ya mwisho ilitiwa sahihi na watu mia tatu na kumi na mmoja kutoka dunia nzima. Fahim, fundi wa simu wa Mwingi ambaye walijuana humo humo kwenye gemu, alikataa kutia sahihi.

"Ukipewa unachotaka, utalia," Fahim alimwambia.

Muindi alipofika mtoni, mnara wa nyambizi ulikuwa umeshatoka mchangani hadi usawa wa kiuno, na mama yake alikuwa ameuegemezea mtungi. Mfuniko ukafunguka, mchanga ukamiminika pembeni, akatoka Kapteni mwenye kofia nyeupe na ndevu zilizochongwa vizuri.

"Wewe ndiye Muindi?"

"Ni mimi."

"Ulisema adui hasikii vizuri."

"Nilisema."

"Sasa anasikia, bana."

Kapteni aliongea Kiswahili cha Muindi, kwa kuwa ndicho alichotafsiriwa nacho, pamoja na "bana" zote ambazo Muindi aliziacha humo siku alizokuwa na njaa. Alieleza mambo kwa kifupi. Ijumaa iliyopita gemu ilirekebishwa. Tangu hapo adui alisikia kijiko kikianguka kilomita nane. Alisikia kikohozi. Nyambizi zilikuwa kumi na moja, zimebaki moja. Kapteni alikuwa amejaribu bahari zote, na zote zilikuwa zimerekebishwa. Mto huu haukuwa umerekebishwa kwa sababu haukuwemo kwenye ramani.

"Mtakaa siku ngapi?" Muindi akauliza.

"Mpaka watengeneze upya."

Muindi aliona aibu ya mwanafunzi aliyeomba mwalimu mkali halafu akachapwa wa kwanza. Akasema ni sawa, wakae. Mama yake akasema wakae, lakini wasikanyage kisima.

Kapteni hakuwa mjinga kuchagua mahali pale. Miaka sita nyuma kina mama wa mwethya walijenga ukuta wa mawe na saruji, wakaukata mto wa Kithangathini kutoka ukingo hadi ukingo. Mvua zilipokuja, mafuriko yalileta mchanga ukajaa korongo lote nyuma ya ukuta, na ndani ya mchanga maji yakalala, jua lisiyapate. Familia kumi na tisa zilichota hapo mwaka mzima. Kabla ya ukuta, Kanyiva alikuwa akienda mto wa pili, saa mbili kwenda na saa mbili kurudi. Alibeba mawe ya ukuta ule miaka miwili, na goti lake la kushoto lilimalizikia hapo. Daktari alimwambia asitembee mbali tena. Akamjibu daktari kwamba hana haja, maji yako nyumbani.

Sheria ya mwethya ilikuwa wazi: anayekunywa nyuma ya ukuta, Jumanne afike kazini. Kalekye akaja na daftari.

"Mko wangapi?"

"Arobaini na wawili," Kapteni akasema.

"Majina."

Hawakuwa na majina. Walikuwa na vyeo, na nyuso tatu, kwa sababu watengenezaji hawakuona haja ya kuchora zaidi ya tatu. Kalekye akawafunga vitambaa mkononi kulingana na sura, vyekundu, vya kijani na vya manjano, akawaandika Mgeni wa Kwanza hadi Mgeni wa Arobaini na Mbili. Jumanne walifika wote isipokuwa mmoja, wakabeba mawe ya kuziba ufa wa ukingo wa kusini. Baada ya wiki mbili Kalekye alishajua kwamba sura ya pili ndiyo yenye uvivu.

"Hata kama wamechorwa," alimwambia Kanyiva, "tabia ni tabia."

Mmoja wao, mwenye sura ya tatu, hakubeba mawe. Huyo alikuwa Msikilizaji. Alikaa chini na vifaa vyake masikioni, na siku ya kwanza tu alituma ujumbe kwa Kanyiva kwamba maji ya kisima chake yanatokea kushoto, kwa hiyo achimbe kushoto. Kanyiva akachimba kushoto. Maji yakaja mara mbili ya kawaida. Akamtumia bakuli la muthokoi.

Mambo yangeenda hivyo, lakini wiki ya tatu Kapteni alimwita Muindi ndani. Mle ndani mlinuka dizeli na miguu. Muindi alikuwa amekaa ndani ya nyambizi ile saa elfu moja na zaidi bila kujua harufu yake, akajiambia hilo nalo watengenezaji walisahau. Kapteni akamwonyesha kipimo cha kina.

"Tulipoingia tulikuwa na mita tisa za mchanga juu ya mgongo. Leo ni tano na nusu."

"Mmepanda?"

"Sisi hatujasonga. Ni huko juu kumeshuka."

Mguu wa Muindi ukaanza kutikisika. Ulikuwa mguu wa kulia, na haukutulia tena kwa muda wa hadithi hii yote. Alijua. Hakuna asiyejua. Malori yalikuwa yakishuka mtoni, vijana wakayajaza kwa sepetu, mchanga ukaenda kujenga maghorofa ya watu ambao hawakuwahi kusikia jina Kithangathini. Na mto ule ulikuwa na njia moja tu ya lori kushukia. Juu ya njia hiyo, hatua nne kando, kulikuwa na kibanda cha Kamati ya Ulinzi wa Mto, na ndani ya kibanda alikaa Nthiwa, mwenye shati la kamati, filimbi ya kamati na mnyororo wa kufungia njia. Kazi ya Nthiwa ilikuwa kuona lori. Kwa miaka mitatu hakuwa ameona hata moja.

Msikilizaji alikuwa amesikia yote. Alikuwa ameyaandika kwenye daftari la meli za adui, kwa kuwa hakuwa na lingine.

"Kila alasiri, kuanzia saa tisa na dakika kumi," akasoma. "Kumi na nne kwa siku. Jumapili hakuna, madereva huenda kanisani. Aina: mzigo mzito. Mwendo: wa kutojali."

"Na Nthiwa?"

"Lori linapokaribia, redio ya kibandani inapunguzwa. Kiti kinalia. Mnyororo unainuliwa. Lori linapita. Mnyororo unashushwa. Redio inaongezwa."

"Haya."

"Na lori likiwa linapita, anakoroma."

"Analala?"

"Anakoroma," Msikilizaji akarudia. "Moyo wake ni wa mtu aliye macho."

Muindi akanakili yote, kurasa ishirini na sita, akazichapa saiba, akabana kwa pini. Moyoni aliamini kitu kimoja ambacho mtu anayekaa sana na kompyuta huamini: kwamba shida ya adui ni masikio, na ukimpa masikio, kazi itafanyika. Alimwambia mama yake asiwe na wasiwasi juu ya kisima. Mama yake alikuwa akiingia kisimani hadi kiuno siku hizo, na kutoka alihitaji kushikwa mkono.

"Mimi sina wasiwasi," Kanyiva akasema. "Wewe ndiye mguu unacheza."

Baraza likafanyika Ijumaa uwanjani, na Nthiwa ndiye aliyekaa mezani, kwa kuwa mambo ya mto ni yake. Muindi akasoma kurasa zote. Watu walisikiliza wakitikisa vichwa pale palipostahili. Aliposoma kuhusu kukoroma, kina mama walicheka, na Nthiwa pia akacheka, kwa adabu.

"Imeandikwa vizuri," akasema. "Nani aliandika?"

"Msikilizaji wa nyambizi."

"Yuko?"

Msikilizaji akasimama, kofia mkononi, kitambaa cha manjano kwenye mkono.

"Kitambulisho?"

Hakuwa nacho.

"Andika," Nthiwa akamwambia karani. "Shahidi hana kitambulisho, na anaishi chini ya mchanga wa umma bila kibali." Kisha akawageukia watu. "Wenzangu, mimi nashughulika na kinachoonekana. Nimekaa pale miaka mitatu, lori sijaona. Lakini nyambizi, sasa mmenionyesha wenyewe."

"Nthiwa!" Kalekye akasimama. "Wewe mwana wa Mutanu, tuliyekubeba mgongoni sisi! Malori si yanapita mbele ya pua yako?"

"Mama, heshima kwa baraza."

"Nakuuliza!"

"Nimesikia, mama. Tutalichunguza." Akapiga muhuri karatasi. "Nyambizi iondoke kwa siku saba."

Ilani ikabandikwa kwenye lile bomba la kioo, periskopu, Jumamosi asubuhi. Malori kumi na manne yakapita Jumamosi alasiri.

Jumatatu manowari ikafika.

Ilitokea upande wa Kambu, kwa nchi kavu, ikisukuma udongo mwekundu mbele yake ukaruka pande zote mbili. Kwenye barabara kuu ilisimama kungoja malori ya Mombasa yapite, na wachuuzi wa Kambu wakainua beseni za vitunguu na tikiti hadi kwenye sitaha, wakauza kidogo. Kisha ikavuka, ikaingia vichakani, ikaanza kupiga sona. Kila mlio ulipopita Matiliku, mbuzi walipiga chafya wote kwa pamoja, na vifuniko vya sufuria vikalia majikoni. Kufikia saa sita watu walishazoea. Walinyamaza kidogo katikati ya sentensi, mlio ukapita, wakaendelea.

Muindi hakukaa. Alifunga saiba saa tano, akafungua saa sita, akafunga tena. Alimjazia Ndunge wa duka la dawa fomu ya kuzaliwa kwa mtoto, akaandika mtoto amezaliwa kesho. Alishuka mtoni mara nne siku hiyo. Mchanga ulikuwa umebaki mita tatu, mnara wote ulikuwa nje, na kina mama walikuwa wameanika leso juu yake.

"Mchana tuko salama," Muindi akamwambia Kapteni, akitembea huku na huku. "Mchanga wa juu unachoma, wa chini ni baridi. Sauti ikifika pale zinapokutana inapinda, inaenda zake. Na akienda kasi hasikii, kelele za mashine yake mwenyewe zinamziba. Mpaka asimame."

"Anasimama sana," Kapteni akasema.

"Najua."

"Na jioni mchanga unapoa."

"Najua, Kapteni."

"Wewe ndiye uliyeomba."

"Si nimesema najua!"

Alitoka, akapanda ukingo, akampigia Fahim huku akitembea. Kwenye simu ilisikika bisibisi ya Fahim ikifungua kitu.

"Nilikwambia utalia," Fahim akasema.

"Silii. Nipe akili. Utajificha wapi kama adui anasikia mpaka kijiko?"

"Hebu ngoja. Wewe unadhani zamani kwa nini alikuwa hakuoni?"

"Alikuwa kiziwi. Hitilafu ya gemu."

"Hakuna kiziwi, kaka. Nilifungua zile faili nikaangalia. Alikuwa anakusikia vizuri, lakini kulikuwa na mstari umeandikwa: akikusikia, apite. Mtu aliuandika huo mstari akiwa macho kabisa. Adui huona kile alichoandikiwa aone, basi. Wewe umekaa miaka miwili ukitafuta masikio."

Muindi akasimama. Mahali aliposimama palikuwa juu ya njia ya malori, na lori lilikuwa likipanda kutoka mtoni, limejaa, maji yakichuruzika nyuma yake kwenye vumbi. Kibandani redio ilipunguzwa. Kiti kikalia. Nthiwa akainua mnyororo, akakaa, akakoroma. Lori lilipita karibu naye kiasi cha kumpeperusha kola.

"Fahim," Muindi akasema, "nitakupigia."

Nyambizi ilihama Jumanne, kwa sababu Jumanne ni siku ya mwethya, na hakuna sona inayoweza kuchambua kina mama thelathini wakiimba na kupasua mawe kwa nyundo. Kalekye alisimama mbele na filimbi. Mabaharia walivua viatu vyao vya ngozi, wakavaa akala za tairi za kukopeshwa, zisizo na kishindo. Kamba zikafungwa, nyimbo zikaanza, na nyambizi ya mita sitini na saba ikatoka mchangani kiulaini, ikapanda njia ya malori, kina mama wakivuta mbele na sura ya pili wakijifanya wanasukuma nyuma. Saa tano ilikuwa imeegeshwa mbele ya kibanda cha Kamati ya Ulinzi wa Mto, hatua nne kutoka kwenye kiti.

Nthiwa alikuwa akinywa chai na chapati. Nyambizi ilimzibia jua. Alikaa hivyo muda mfupi, kisha akainuka, akahamisha kiti hadi palipokuwa na jua, akaendelea kunywa.

"Habari ya asubuhi, Bwana Nthiwa," Kapteni akasema kutoka mnarani.

Nthiwa akaongeza sauti ya redio.

Muindi alitumaini kwamba asiyeona lori njiani hataona nyambizi njiani, na alikuwa na tumaini la pili ambalo hakumwambia yeyote isipokuwa mama yake. Njia ya lori ilikuwa moja. Nyambizi sasa ilikuwa imelala katikati yake. Lori halina mabawa.

"Kwa hivyo hawatashuka," Kanyiva akasema.

"Watashukia wapi?"

Kanyiva aliangalia nyambizi, akaangalia ukingo. "Wewe umesoma," akasema, na kwa namna alivyosema haikujulikana kama ni kukubali.

Saa tisa na dakika kumi malori yakafika. La kwanza likasimama mbele ya pua ya nyambizi, dereva akashuka, akazunguka akiangalia, akapapasa chuma, akarudi. Nthiwa akafungua ncha moja ya mnyororo, akaifunga kwenye reli ya nyambizi ili urefu utoshe, akaonyesha kwa kidevu upande wa kushoto. Malori yakapita kushoto, yakikata ukingo, yakaufumua ufa ule wa kusini uliozibwa. Njia mpya ilikuwa fupi. Siku hiyo yalikuwa kumi na sita.

Manowari nayo ikafika jioni yake, ikasimama nyuma ya lori la mwisho, na lori la mwisho lilipopiga honi, ikasogea kando. Ilipiga sona mara moja kwa karibu. Nyambizi yote ililia kama sufuria. Ndani, mabaharia arobaini na wawili walishika pumzi. Nje, Muindi alisimama na mkono kwenye paja kuuzuia mguu.

Ofisa wa manowari akainama juu ya reli. Naye aliongea Kiswahili cha Muindi.

"Mzee, hapa umeona nyambizi?"

Nthiwa akaangalia kulia. Akaangalia kushoto. Ili aangalie kushoto ilibidi achungulie kwa chini ya periskopu.

"Hapa hapapiti kitu," akasema.

"Una hakika? Sona inasema ni hapa."

"Niko hapa miaka mitatu. Unataka nikuandikie?"

Akaandika, akapiga muhuri. Ofisa akasoma, akasaluti, kwa sababu karatasi yenye muhuri kutoka kwa mlinzi wa mahali ina uzito kuliko sona hata kwenye gemu. Muindi mwenyewe aliitafsiri sehemu hiyo. Manowari ikageuka, ikaenda zake kuelekea Kitui. Baadaye ilisikika iko Tulia, inasaka kwenye lambo la ng'ombe, na watu wa Tulia wakaomba isogee ng'ombe wanywe.

Kapteni akashuka mnarani akampa Muindi mkono.

"Umetuokoa, bana."

"Karibu," Muindi akasema. Alikuwa akiangalia mtoni.

Baada ya hapo nyambizi ilibaki pale pale. Ndipo mahali salama zaidi duniani kwa kitu chochote chenye uzito wa tani mia saba. Mabaharia walilima mchicha pembeni. Ilani ya siku saba ilipokwisha muda, Nthiwa aliibandua kwenye periskopu akaiweka faili, akaandika kwamba nyambizi iliondoka kwa hiari.

Mwezi wa tisa Msikilizaji alimwita Muindi, akampa vifaa vya masikioni. Muindi akasikiliza muda mrefu. Alijua sauti ile, kwa maana alikuwa ameitafsiri mwenyewe: hakuna mawasiliano. Chini ya mto hapakuwa na kitu kinachotembea, hata maji. Asubuhi hiyo hiyo jagi la Kanyiva lilikwaruza jiwe, akachimba kushoto likakwaruza jiwe, na ukuta wa mwethya ulisimama mzima, mrefu, ukizuia mwamba mtupu.

Kanyiva aliazima punda wa Kalekye, akampakia mitungi mitano, akafunga goti kwa kitambaa, akaondoka saa kumi na moja na nusu alfajiri kwenda mto wa pili, Muindi akifuata nyuma. Njiani Muindi alisema atamwandikia mtu barua. Mama yake akamuuliza ni nani, na Muindi akatembea hatua nyingi bila kupata jina.

Walirudi saa tano, jua limeshika. Kanyiva alikuwa akitembea kwa kushikilia tandiko la punda. Njia ya kurudia ilipita kibandani. Walipita mkia wa nyambizi, na mabaharia wenye vitambaa vya kijani wakasimama kumwamkia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, wanangu."

Walikuwa bado mita mia mbili kutoka kibandani Nthiwa alipoinuka. Alikinga macho kwa kiganja. Akapiga filimbi. Akatoka kwenye kivuli, akaja hadi katikati ya njia, akanyoosha mkono.

"Mama Muindi, simama hapo hapo. Maji hayo yametoka mto wa pili. Huo si mto wetu. Kibali kiko wapi?"

"Kibali cha maji?"

"Cha kupitisha maji."

Nyuma yake lori lilipita, halafu jingine; siku hizo yalianza asubuhi, yakifuata mchanga wa chini ya ukuta. Nthiwa hakugeuka. Alikuwa ametoa daftari jipya, safi, ukurasa wa kwanza, na akaandika akitamka kila neno: saa tano na dakika nane, mwanamke mmoja, anachechemea mguu wa kushoto, kijana mmoja, punda mmoja wa kijivu, sikio la kulia limechanika. Akamzunguka punda polepole, akigusa mtungi mmoja mmoja kwa kalamu.

"Mitungi minne," Muindi akasema. "Andika minne, tuende."

Nthiwa akasimama upande wa pili wa punda, ambako Kanyiva alikuwa ameegemea tandiko akipumzisha goti, leso yake imening'inia hadi chini.

"Mitano," akasema. "Mama, inua leso."